Aiskrimu ya Magamba: Kwa nini maziwa ya moto yaliganda kwanza?

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, juu ya milima ya Usambara karibu na mji wa Lushoto nchini Tanganyika, wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Maziwa yalichemshwa, yakatiwa sukari, yakaachwa yapoe hadi joto la kawaida, kisha yakamiminwa katika trei na kuingizwa jokofuni. Ugumu haukuwa katika upishi bali katika nafasi: trei zilikuwa chache, wapenzi wa aiskrimu walikuwa wengi, na aliyechelewa alikosa.

Siku moja kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, akaanza kuyachemsha. Mwenzake mmoja alipomwona hakutaka kupitwa. Alikoroga sukari katika maziwa yake bila kuyachemsha, akayamimina katika trei na kuyaingiza ndani. Mpemba akatambua kwamba akisubiri maziwa yake yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa. Basi akafanya jambo ambalo kila mwenye jokofu hukataza: aliyaweka yakiwa bado ya moto, huku akijua kwamba huenda akaharibu chombo cha watu. Baada ya muda wa saa moja na nusu vijana wawili hao walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yamekwisha kuwa aiskrimu. Ya mwenzake yalikuwa bado kama uji mzito.

Tangu siku hiyo imepita miaka zaidi ya 60, na jambo lile linajulikana katika vitabu vya fizikia duniani kote kwa jina la kijana huyo: athari ya Mpemba. Makala hii inaeleza sayansi iliyomo ndani ya kitindamlo hicho cha watoto, ambacho huweza kutengenezwa katika nyumba yoyote yenye maziwa, sukari na barafu, na inaeleza pia kwa nini swali la Magamba halijafungwa hadi leo.

Kutoka Magamba hadi Dar es Salaam

Mpemba alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu ya alichokiona. Jibu alilopewa ni kwamba alikuwa amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani. Aliliamini. Lakini wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu katika mji wa Tanga, na rafiki huyo akamwambia kwamba yeye huweka maziwa yakiwa ya moto makusudi, kwa sababu hivyo huganda upesi zaidi. Wauzaji wa Tanga hawakuwa na nadharia yoyote; walikuwa na wateja waliosubiri.

Baadaye Mpemba alijiunga na shule ya Mkwawa, mjini Iringa, kwa masomo ya kidato cha tano. Huko walifundishwa kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu, naye akauliza tena swali lilelile. Mwalimu alimjibu kwa mzaha kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Mzaha huo ulienea darasani. Tangu hapo kosa lolote alilolifanya, hata katika hesabu, lilipachikwa jina lake. Msomaji aliyewahi kukaa katika darasa la watu wengi anajua uzito wa jambo hilo: jina la utani la shuleni huweza kumnyamazisha mtu kuliko kiboko.

Yeye hakunyamaza. Alichukua bilauri mbili ndogo, akatia sentimita za ujazo 50 za maji ya bomba katika moja na kiasi hichohicho cha maji ya moto katika nyingine, akaziweka katika friza ya maabara ya biolojia. Baada ya saa moja hakuna iliyokuwa imeganda yote, lakini iliyoanza ikiwa ya moto ilikuwa na barafu zaidi. Matokeo hayo hayakutosha kuthibitisha jambo, ila yalitosha kumwongezea ujasiri.

Ndipo shule ilipotembelewa na Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo. Baada ya mhadhara wanafunzi waliruhusiwa kuuliza maswali. Mpemba alisimama na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji ya kiasi sawa, kimoja kikiwa na joto la nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka katika friza, cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake walicheka. Mgeni alimwuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo mwenyewe, na alipothibitishiwa akasema kwamba hajui sababu, ila atalijaribu arudipo Dar es Salaam.

Hakuwa na imani kubwa, na mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa ya moto yameganda kwanza, lakini akaahidi kuendelea kulirudia jaribio hadi apate jibu lililo sahihi. Majaribio yaliyofuata yalirudisha jibu lilelile. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba walichapisha kwa pamoja makala yao katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa amekwisha kuingia chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Maisha yake ya kazi yalikuwa katika uhifadhi wa wanyama, si katika maabara.

Inafaa kukumbusha hapa kwamba Mpemba hakuwa mtu wa kwanza kulisema jambo hili. Aristotle wa Ugiriki ya kale aliandika kwamba watu waliotaka maji yapoe haraka waliyaanika kwanza juani. Francis Bacon wa Uingereza na René Descartes wa Ufaransa walilitaja pia katika karne ya 17. Na mwaka huohuo wa 1969, nchini Kanada, mtaalamu aitwaye Kell alichapisha makala yake kuhusu swali hilohilo. Tofauti ni kwamba fizikia ya shule ilikuwa imelisahau, na aliyelirudisha alikuwa mwanafunzi mwenye trei ya maziwa.

Kazi ya kuganda

Walimu wa Mpemba hawakuwa wajinga. Walikuwa na hesabu upande wao, na hesabu hiyo ni nzuri kuijua kwa yeyote anayetaka kutengeneza aiskrimu.

Friza haitii baridi ndani ya maziwa. Kazi yake ni kutoa joto nje ya maziwa. Gramu moja ya maji ikipoa kwa nyuzi moja hutoa joto la kiasi cha jouli 4.2. Lakini gramu hiyohiyo ikifika nyuzi 0 na kugeuka barafu hutoa jouli 334, bila kipimajoto kushuka hata kidogo. Kwa maneno ya jikoni: kuyagandisha maji ambayo tayari yamefika sifuri ni kazi inayolingana na kuyapoza kutoka nyuzi 80 hadi sifuri. Ndiyo maana mtoto anayefungua friza baada ya nusu saa hukuta maziwa baridi sana yasiyoganda, akadhani umeme ni mdogo. Umeme upo, ni safari ndefu ya mwisho iliyobaki.

Sasa tuchukue vyombo viwili vya Mpemba. Kilichoanza kwenye nyuzi 35 kina safari ya hatua 35 za kupoa, ukiongeza na 80 za kuganda, jumla 115. Kilichoanza kwenye nyuzi 100 kina hatua 180. Cha pili kina mzigo wa zaidi ya mara moja na nusu ya mwenzake. (Kwa hakika, katika mji wa Iringa, ulio juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,500, maji huchemka karibu na nyuzi 95, lakini hilo halibadilishi hoja.)

Ni kweli kwamba kitu cha moto hupoa kwa kasi kubwa zaidi mwanzoni; hiyo ndiyo kanuni ya Newton. Lakini kasi hiyo haimsaidii. Maji ya nyuzi 100 lazima yapite kwenye nyuzi 35 kabla ya kuendelea chini, na yatakapofika hapo, yale yaliyoanzia hapo yatakuwa yamekwisha kwenda mbele. Mfano wake ni watu wawili wanaokwenda sokoni kwa njia moja, mmoja akitokea kijiji cha mbali. Aliye mbali atakimbia mpaka afike nyumbani kwa mwenzake, lakini kuanzia hapo wote huenda kwa mwendo uleule, na mwenzake amekwisha kuondoka. Atampitaje?

Njia ya kumpita ni moja tu. Ni lazima maji ya nyuzi 35 yaliyotoka kwenye moto yawe si sawa na maji ya nyuzi 35 ambayo hayakuwahi kuwa ya moto. Kipimajoto kinaonyesha namba ileile, lakini kuna jambo jingine lililobadilika njiani. Mjadala wote wa miaka hii 60 unahusu jambo hilo ni lipi.

Yaliyobadilika njiani

Dhana ya kwanza ni mvuke. Maji ya moto yaliyo wazi hupoteza sehemu yake kwa kuvukiza, na kila gramu inayoondoka huchukua joto jingi, zaidi ya jouli 2,200. Kama joto lote kutoka nyuzi 100 hadi 0 lingetoka kwa njia ya mvuke peke yake, karibu sehemu moja ya sita ya maji ingepotea hewani, na kilichobaki cha kugandisha kingekuwa kidogo zaidi. Katika trei pana isiyofunikwa hoja hii ina nguvu. Hata hivyo Osborne aliona kwamba katika bilauri zake maji yaliyopotea yalikuwa machache mno kuweza kueleza tofauti yote.

Dhana ya pili ni mwendo wa maji ndani ya chombo. Kitu cha moto kikipoa kwa juu, maji ya juu huwa mazito na kuzama, ya chini hupanda, na mikondo hiyo huendelea kupeleka joto kwenye uso wa maji, ambako ndiko linakotokea. Osborne alipomwaga utando mwembamba wa mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa, jambo lililoonyesha kwamba mlango mkubwa wa joto ulikuwa juu. Alieleza kwamba chombo kilichoanza kikiwa cha moto huendelea kuwa na uso wenye joto zaidi kuliko sehemu zake nyingine, na kwa hiyo hupoteza joto kwa kasi zaidi kuliko chombo cha wastani uleule kilichoanza kikiwa baridi.

Dhana ya tatu huelezwa kwa haraka: kuchemsha hufukuza hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Lakini Osborne alitumia maji yaliyokwisha kuchemshwa kwa vyombo vyote, na tofauti ikaonekana bado.

Dhana ya nne haihitaji fizikia ya chuo kikuu, nami naiona kuwa na uzito mkubwa kwa jokofu la mwaka 1963. Majokofu ya zamani hujaa utando wa barafu nyeupe kama pamba kwenye kuta na rafu za friza. Utando huo una hewa ndani yake, na hewa huzuia joto kupita. Trei baridi ikiwekwa juu yake hukaa kama juu ya blanketi. Trei ya moto huuyeyusha utando, hukaa juu ya bati lenyewe, na maji yaliyoyeyuka huganda tena na kuishikamanisha nalo. Kuanzia hapo joto hutoka kwa chini pia.

Kisha kuna tabia ya ajabu ya maji yenyewe. Maji safi yaliyotulia huweza kushuka chini ya sifuri kwa nyuzi kadhaa yakiwa bado maji, kwa sababu barafu huhitaji mahali pa kuanzia: punje ya vumbi, mkwaruzo wa chombo, au fuwele ya kwanza. Mwaka 1995 mtafiti David Auerbach alionyesha kwamba maji yaliyoanza yakiwa baridi huweza kushuka chini zaidi namna hiyo bila kuganda, na hivyo kupitwa na yale ya moto. Kwa maziwa, ambayo yamejaa mafuta na protini, nadhani hoja hii inahitaji tahadhari. Lakini kwa bilauri za maji ya bomba ni hoja nzito.

Na tusisahau jambo moja ambalo husimuliwa kwa pupa na kupitwa. Katika jokofu la Magamba vyombo viwili havikuwa na kitu kimoja. Trei moja ilikuwa na maziwa yaliyochemshwa, nyingine maziwa yasiyochemshwa. Kuchemsha hupunguza maji na hubadilisha protini za maziwa. Ushahidi wa kwanza wa athari hii mashuhuri, ukipimwa kwa mizani ya maabara, ulikuwa na kasoro. Kilichomwokoa Mpemba ni kwamba alilirudia jambo lake kwa maji.

Wanaopinga

Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeleta maelezo bora ya athari ya Mpemba. Majibu zaidi ya 22,000 yalipokelewa kutoka pande zote za dunia, na aliyeshinda ni Nikola Bregović wa Kroatia. Ushindi wake haukumaliza mjadala.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio yao na kusema wazi kwamba hawakupata ushahidi wowote kuwa maji ya moto hufika sifuri mapema kuliko ya baridi. Zaidi ya hayo walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa kiasi cha sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kunatosha kuzalisha matokeo yanayofanana na athari ya Mpemba, kwa sababu maji ya juu na ya chini hayalingani kwa joto. Hilo ni pingamizi zito. Lakini msomaji makini ataona kwamba wao walipima muda wa kufika sifuri, hali Osborne alipima muda wa kuanza kuganda, na wanafunzi wa Magamba walipima jambo la tatu kabisa: muda wa maziwa kuwa magumu kiasi cha kuliwa. Neno "kuganda" ni moja, mambo ni matatu. Sehemu kubwa ya ugomvi imezaliwa hapo.

Wakati huohuo jina la Mpemba limehamia mahali ambapo hakuna maziwa wala jokofu. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, walichapisha jaribio walilofanya kwa punje ndogo mno ya kioo ndani ya maji, iliyoongozwa kwa mwanga wa leza. Walionyesha kwamba mfumo ulioanza ukiwa na joto zaidi huweza kutulia mapema kuliko ulioanza ukiwa na joto dogo, na kwamba jambo hilo linaweza kukokotolewa. Kwa hiyo katika punje ya kioo swali limejibiwa. Katika trei ya maziwa, bado.

Kwa nini aiskrimu si jiwe

Barafu ya maji matupu huvunja meno, aiskrimu hulambwa. Tofauti hiyo inaletwa na sukari, na kila mtoto wa pwani amewahi kuiona bila kuambiwa. Ukinyonya barafu ya ukwaju au ya ubuyu, rangi na utamu hutoka kwanza, na mkononi hubaki kipande cheupe kisicho na ladha. Sababu ni kwamba maji yanapoganda, molekuli zake hujipanga kwa safu na kukataa wageni. Sukari na rangi husukumwa pembeni, zikabaki katika majimaji yaliyo kati ya fuwele za barafu. Ukinyonya, majimaji hayo ndiyo yanayokuja kwanza.

Wageni hao pia huvuruga kuganda kwenyewe. Maziwa ya ng'ombe, ambayo ni maji kwa kiasi cha asilimia 87, huganda karibu nusu nyuzi chini ya sifuri. Ukiongeza sukari gramu 180 katika lita moja ya maji, unashusha kiwango cha kuganda kwa takriban nyuzi moja. Na kadiri barafu inavyoongezeka, majimaji yaliyobaki huwa matamu zaidi na kushuka zaidi. Ndiyo maana aiskrimu haina saa moja ya kuganda. Huganda kidogo kidogo, na hata ndani ya friza kali hubaki na sehemu ambayo bado ni majimaji. Mama anayepunguza sukari kwa kuhofia meno ya watoto asishangae akipata tofali, na anayezidisha asishangae akipata uji.

Kinachobaki ni ukubwa wa fuwele. Ulimi hausikii fuwele zilizo ndogo kuliko kiasi cha sehemu tano za mia za milimita. Zikizidi hapo aiskrimu huwa na chengachenga. Kuganda kwa haraka huzaa fuwele nyingi ndogo, kuganda polepole huzaa chache kubwa. Kukoroga kila baada ya muda huzivunja na kuingiza hewa, nayo hewa ndiyo inayolainisha. Mafuta ya maziwa husaidia, kwa hiyo maziwa yaliyoenguliwa malai hayafai sana kwa kazi hii.

Bila friza

Pale umeme unapokatika, au pasipo na friza, kipande cha barafu cha dukani na chumvi ya mawe vinatosha. Ndivyo watu walivyotengeneza aiskrimu kwa miaka mingi kabla ya majokofu. Mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyopewa hataza na Nancy Johnson wa Marekani mwaka 1843 ilitumia njia hiyohiyo.

Chemsha vikombe viwili vya maziwa pamoja na vijiko vinne vya sukari, yaache yapoe. Kuchemsha kusirukwe: maziwa mabichi huweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela, na baridi haiviui vijidudu hivyo. Mimina katika sufuria ndogo yenye mfuniko. Ponda barafu, itie katika ndoo au sufuria kubwa kwa matabaka, vikombe vitatu vya barafu kwa kimoja cha chumvi, kisha ididimize sufuria ndogo katikati. Zungusha, na kila dakika tano funua ukwangue pembeni kwa kijiko cha mti. Nusu saa kwa kawaida hutosha.

Chumvi haina baridi yoyote ndani yake. Inachofanya ni kuilazimisha barafu iyeyuke hata chini ya sifuri, na barafu ikiyeyuka hudai zile jouli 334 kwa kila gramu. Huzichukua kwa kilicho karibu, yaani maziwa. Mchanganyiko wa barafu na chumvi huweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri; nyumbani nyuzi 10 chini ni mafanikio mazuri. Kwa sababu hiyohiyo mtoto asitie mkono ndani ya maji yale ya chumvi. Yanaweza kuunguza ngozi kama moto, na hayafanani na kitu cha hatari.

Kwa wenye friza na udadisi

Anayetaka kulijaribu swali la Magamba kwa haki achemshe maziwa yote na sukari katika sufuria moja, ayafunike yapoe, kisha ayapime kwa mizani na kuyagawa katika vyombo viwili vya bati vilivyo sawa. Kimoja kibaki kama kilivyo. Kingine kipashwe moto hadi kitoe mvuke, kikiwa kimefunikwa ili kisipungue. Vyote viwekwe kwa wakati mmoja, juu ya ubao mmoja, ili utando wa barafu usimpendelee yeyote, na nyama au samaki waondolewe kwanza, maana joto litawafikia. Usifungue mlango kila dakika. Kila baada ya dakika 20 panatosha, na kila mara andika mambo matatu kwa kila chombo: kama barafu ya kwanza imeonekana, kama kijiko kinasimama, kama aiskrimu inakatika.

Siku ya pili badilisha nafasi za vyombo. Siku ya tatu ondoa ubao na uviweke juu ya rafu tupu. Siku ya nne usifunike wakati wa kupasha. Ikiwa cha moto kitashinda siku fulani na kushindwa siku nyingine, usikimbilie kusema umekosea. Angalia siku hiyo ulibadilisha nini. Na kilichoyeyuka kabisa kisirudishwe frizani kwa ajili ya kesho.